Maji ya Meru na Daftari la Shule: Karne Moja ya Ahadi kuhusu Maarifa Asilia

Tangu Januari 2024 shule zetu za msingi zimeanza kutekeleza mtaala ulioboreshwa. Lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lipo somo la Jiografia na Mazingira, lipo somo la Sanaa na Michezo. Katika semina na makongamano ninayohudhuria hapa Arusha, maneno "maarifa asilia" yanatamkwa kwa bashasha kubwa, kana kwamba tumeyaokota jana. Maofisa wa elimu wanayataja, asasi za kiraia zinayaandikia maombi ya fedha, na sisi wahadhiri tunayapangia mada za utafiti.

Mimi ni miongoni mwa wanaotaka maarifa hayo yaingie katika shule ya msingi. Hata hivyo, kabla ya kupiga makofi, ningependa tusome historia. Ndani ya karne moja, mamlaka zilizotawala nchi hii zimeahidi si chini ya mara tatu kwamba elimu itafungamanishwa na maisha na ujuzi wa wenyeji. Ahadi zote tatu ziliishia njiani. Hoja ninayoitetea katika makala haya ni kwamba zote zilikwama mahali pamoja: ujuzi wa wenyeji uliingizwa shuleni kama kazi ya jembe, kama burudani au kama mafundisho ya adabu, na haukupata kuingizwa kama maarifa, yaani jambo linaloulizwa maswali, linalopimwa, linalokosolewa na linalotahiniwa. Nitatumia mfano wa eneo ninaloishi na kufanyia kazi, yaani Jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Meru.

Shule kabla ya shule

Mlima Meru una kimo cha mita 4,566. Upande wake wa kusini-mashariki wanaishi Wameru, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kichaga. Upande wa kusini-magharibi wanaishi Waarusha, wazungumzaji wa Kimaasai, ambao walihamia hapa kutoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi, kwenye miaka ya 1830. Mwanahistoria Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kiitwacho Mountain Farmers, ameonesha jinsi jamii hizi mbili zilivyojengana. Waarusha walikuwa wakulima wa migomba, mahindi na maharage huku wakiendelea na lugha na desturi nyingi za Kimaasai. Wameru nao waliuchukua mfumo wa marika kutoka kwa majirani zao. Ujuzi ulivuka mpaka wa lugha na damu bila kuomba kibali kwa mtu. Naomba msomaji alishike jambo hilo, maana nitalirudia nitakapofika kwenye swali gumu la maarifa ya nani yafundishwe.

Maarifa yenyewe yalikuwa ya namna gani? Chukua mfereji. Kuyatoa maji mtoni na kuyapeleka kwenye migomba iliyo mbali, bila pampu na bila bomba, kunadai kuusoma mteremko kwa jicho. Mfereji ukiwa na mwinuko mkali, maji yanakula kingo. Ukiwa tambarare mno, maji yanatuama na tope linajaa. Baada ya uhandisi kuna hisabati: kaya ngapi, siku ngapi, zamu ya nani asubuhi na ya nani jioni. Baada ya hisabati kuna sheria: nani azibue, nani atozwe faini, na nani asikilizwe majirani wanapogombana. Chukua pia shamba la migomba. Majani na vigogo vinalishwa ng'ombe wa zizini, samadi inarudi shinani, kivuli kinatunza unyevu wa udongo na mimea mingine inapandwa chini yake. Hilo ni somo zima la mzunguko wa rutuba, na mtoto alilisoma kwa kubeba samadi.

Hata majina ya mahali yalikuwa kitabu. Engare Nanyuki, kwa Kimaasai, ni maji mekundu. Ngaramtoni limetokana na maneno yanayohusu maji na ndege. Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai kaskazini ya Meru, ni Mlima wa Mungu. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza waliokulia Arusha maana ya majina hayo ya vituo vya daladala na barabara wanazopita. Wengi huweza kunieleza chanzo cha mto Mississippi kabla ya kunieleza kwa nini Engare Nanyuki inaitwa hivyo.

Kwamba elimu hii ilikuwa na mpangilio, tuna ushahidi wa maandishi kutoka kwa majirani zetu wa Kilimanjaro. Mmisionari Bruno Gutmann aliyakusanya mafundisho ya jando na malezi ya Wachaga katika juzuu tatu zilizochapwa kati ya mwaka 1932 na 1938. Otto Raum alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima, Chaga Childhood, kuhusu namna mtoto wa Kichaga alivyofundishwa kabla na nje ya shule. Kinaya ni kwamba juzuu za Gutmann ziko kwa Kijerumani na kitabu cha Raum kiko kwa Kiingereza. Mjukuu wa wazee waliotoa mafundisho hayo hawezi kuyasoma akiwa darasa la tano.

Boma na misheni

Shule ya kisasa haikuingia Meru kwa amani. Usiku wa Oktoba 19, 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, muda mfupi baada ya kufika kutafuta mahali pa kujenga kituo. Jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Johannes lilijibu kwa kampeni za adhabu: nyumba zilichomwa, mifugo ikatekwa, migomba ikakatwa. Miaka michache baadaye likajengwa boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Misheni ilirudi na kufungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904.

Sisemi haya ili kuwahukumu wamisionari waliokuja baadaye. Shule zao zilitoa kusoma na kuandika, na Walutheri wa Leipzig walijitahidi kufundisha kwa lugha za wenyeji kuliko serikali nyingi zilizowafuata. Ninachotaka kionekane ni uhusiano wa awali kati ya aina mbili za maarifa. Moja ilifika nyuma ya bunduki, nyingine ilikuwa imetoka kukatiwa migomba yake. Katika hali hiyo, mzazi mwenye akili hakuhitaji kuambiwa ni elimu gani ingemlinda mwanawe mbele ya karani wa boma.

Ahadi ya kwanza na ya pili

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe alikuwemo James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume ilikosoa elimu ya vitabu iliyonakiliwa kutoka Ulaya, ikapendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi na maisha ya kijiji. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika wenye mwelekeo huohuo. Mfano uliovuma zaidi hapa Tanganyika ulikuwa Shule ya Malangali, huko Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mkuu wake, W. B. Mumford, aliwaingiza wazee wa Kihehe katika malezi ya wanafunzi, akafufua michezo ya mikuki na ngoma, na kupanga maisha ya bweni kwa kufuata desturi za kabila.

Jaribio la Malangali halikudumu, na sababu yake inatuhusu hadi leo. Mzee aliitwa shuleni kufundisha mkuki na ngoma, wakati madaraka, mishahara na sheria vilikuwa vinaendeshwa kwa kalamu. Mwafrika aliyesikia neno "kulinganisha elimu na mazingira" alikuwa na haki ya kuuliza: mazingira ya nani, na kwa nini mtoto wa mlowezi hapewi elimu ya mkuki wa babu zake? Sera ile ilitoka mikononi mwa dola iliyotaka kila mtu abaki mahali pake.

Ahadi ya pili ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, zilipoanzishwa shule za kati, yaani middle school, zenye mkazo wa kilimo na kazi za mikono. Wazazi hawakuzipenda. Waliona watoto wanalima shamba la mwalimu huku mtihani wa kwenda mbele ukiuliza hesabu na Kiingereza. Kabla ya Uhuru mkazo huo ulikuwa umeshaachwa.

Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa

Katikati ya ahadi hizo mbili zilizoshindwa, Meru ilitoa mfano wake wa namna maarifa mawili yanavyoweza kufanya kazi pamoja, na haukutoka wizarani. Baada ya mwaka 1896 Wajerumani, na baadaye Waingereza, waliuzungushia mlima mkanda wa mashamba ya walowezi. Wameru wakabanwa kati ya msitu juu na walowezi chini. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa taarifa yake mwaka 1947, ilipendekeza ardhi igawanywe upya. Matokeo yake, kuanzia Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, katika mashamba namba 31 na 328, ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa.

Wameru walichanga fedha. Wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952 kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hawakurudishiwa ardhi siku hiyo. Lakini shauri la kijiji kilicho chini ya mlima wa Afrika lilisikilizwa na dunia, na harakati za Uhuru zilipata somo kubwa.

Nawaomba wanafunzi wa historia walitazame shauri hili kwa jicho la elimu. Hoja ya Wameru ilisimama juu ya kumbukumbu: nani aliishi wapi, tangu lini, alilisha wapi, alinywesha wapi, ardhi ilipotea vipi. Hiyo ilikuwa elimu ya wazee. Lakini kumbukumbu hiyo isingefika New York bila maandishi, sheria, takwimu za kaya na ujuzi wa taratibu za Baraza la Udhamini. Hiyo ilikuwa elimu ya shule. Kila upande uliufanya mwingine uwe na nguvu. Mzee hakualikwa kuja kucheza ngoma. Aliulizwa ushahidi, na ushahidi wake ukaandikwa.

Ahadi ya tatu

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, Mwalimu Nyerere alilifuatisha mwezi Machi na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba kukosekana kwa majengo ya shule kabla ya ukoloni hakukuwa kukosekana kwa elimu, kwa kuwa watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa. Alilaumu mfumo uliowafanya vijana waamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni na kwa waliosoma, na kwamba wazazi wao hawajui kitu. Tena aliitaka nchi ipunguze utukufu wa mitihani. Tofauti na Waingereza, yeye hakutaka elimu ya kumbakiza Mwafrika chini. Alitaka ya kumkomboa.

Nini kilitokea? Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi, na hilo ni mafanikio ambayo nchi nyingi za Afrika bado zinayaota. Kila shule ikawa na shamba. Kisha lilikuja Azimio la Musoma mwaka 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote ilipofikia kilele chake mwaka 1977 madarasa yalifurika kuliko walimu. Mtihani wa darasa la saba ulibaki palepale, mlango mwembamba wa kwenda sekondari, na haukuuliza chochote kuhusu mfereji, udongo wala mgomba wa mahali. Shamba la shule likageuka kazi ya mchana, na katika shule nyingi likageuka adhabu. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Hakuna njia fupi zaidi ya kumfundisha mtoto kwamba kazi ya baba yake ni fedheha.

Tatizo la waraka wa Mwalimu halikuwa fikra yake. Tatizo ni kwamba mzee mkulima alisifiwa katika hotuba lakini hakuitwa katika somo la sayansi. Jembe lake ndilo lililoingia shuleni, na sababu zinazolifanya jembe lifanye kazi zikabaki nje ya uzio. Hapa Arusha, Mnara wa Azimio umesimama hadi leo, na watoto hupelekwa kuutembelea. Wachache hupelekwa kwenye mfereji.

Somo la maji na magadi

Niliyosema hadi sasa yanaweza kusikika kama malalamiko ya mwanahistoria. Basi nieleze kwa nini jambo hili ni la leo na lina gharama katika miili ya watoto.

Meru ni volkano, na miamba yake imeyajaza maji ya sehemu nyingi madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Maji ya mto Engare Nanyuki na ya vijiji kadhaa vya mashariki na kaskazini ya mlima yanazidi kiwango hicho mara nyingi. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya utu uzima yanajijenga anaota meno ya kahawia, na doa hilo halifutiki kwa mswaki. Kiwango kikizidi kwa miaka mingi, mifupa huathirika na miguu hupinda. Mtu wa Arusha anapofungua kinywa chake Dar es Salaam, mara nyingi hutambuliwa alikotoka kabla hajasema neno.

Sasa itazame jikoni. Magadi ni sehemu ya ujuzi wa mapishi wa kaskazini nzima. Mama anajua kwamba chembe ya magadi hulainisha maharage na mahindi makavu, huokoa kuni na muda, na kukipa kiburu ladha yake. Ujuzi huo ni wa kweli: magadi ni alikali, na alikali huvunja ugumu wa ganda la nafaka na kunde. Lakini utafiti wa madaktari wa meno umeonesha kwamba magadi ya kuokota yanayotumika katika mikoa yetu huweza kubeba floraidi nyingi, kiasi cha kuathiri meno hata pale ambapo maji yenyewe si mabaya. Bibi aliijua alikali. Floraidi hakuweza kuijua, maana haina rangi wala harufu.

Shule ifanye nini na bibi huyu? Zipo njia mbili zilizozoeleka na zote ni mbaya. Ya kwanza ni kumpuuza: kitabu kieleze asidi na alikali kwa mifano ya maabara ambayo shule haina, na mtoto asijue kwamba alikali iko kwenye kikopo jikoni kwao. Ya pili ni kumtukuza: kila kilichotoka kwa mababu kitangazwe kuwa hekima, na mtoto aendelee kula floraidi kwa jina la utamaduni. Njia ya tatu ndiyo ninayoitetea. Mtoto wa darasa la tano amhoji bibi yake: magadi yanatoka wapi, anatia kiasi gani, chakula kinachukua muda gani yakiwepo na yasipokuwepo. Apike, apime muda, aandike. Kisha mwalimu alete upande wa pili, yaani madini, meno na kipimo salama. Mwisho wa somo mtoto awe na jambo la kupeleka nyumbani linaloweza kubadilisha sufuria.

Tena jibu la tatizo hili limeshaanza kupatikana hapahapa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi katika maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Katika jamii za wafugaji mifupa haijapata kuwa adimu. Somo gani la sayansi lingekuwa karibu zaidi na mtoto wa Kiarusha kuliko hilo?

Maarifa ya nani?

Wapo watakaopinga, na pingamizi zao ni za haki. La kwanza linahusu umoja wa taifa. Arusha ni jiji la watu wa kila kabila. Katika darasa moja la Unga Limited utawakuta Mpare, Mnyiramba, Mrangi, Mchaga, Mmaasai na Msomali. Je, tufundishe maarifa ya kabila gani? Jibu langu ni kwamba tufundishe maarifa ya mahali. Mtoto wa Kinyiramba aliyezaliwa Unga Limited anakunywa maji ya Meru, anakula ndizi za Tengeru na anakanyaga udongo wa volkano. Maarifa ya mlima huu ni yake, kama vile migomba ilivyopata kuwa ya Waarusha na marika yalivyopata kuwa ya Wameru. Kiswahili kinatosha kuwa lugha ya somo, huku majina ya mimea, mito na zana yakihifadhiwa kwa Kimeru na Kimaasai. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa.

Pingamizi la pili ni kwamba desturi nyingine zinaumiza. Ni kweli. Ukeketaji umefundishwa kwa wasichana wa mkoa huu kwa jina la mila, na tangu mwaka 1998 sheria inautambua kuwa kosa la jinai unapofanywa kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi. Maarifa yakiingizwa kama maadili ya kukaririwa, hakuna mahali pa kuuliza ni nani anayeumia. Yakiingizwa kama maarifa ya kupimwa, swali hilo ni sehemu ya somo.

Pingamizi la tatu ni Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo viongozi wa umma, walisafiri hadi kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali. Wapinzani wa maarifa asilia huutumia mfano huo kama kifunga mdomo. Mimi nauona kinyume chake. Taifa zima lilipanga foleni bila kuuliza kipimo, muda wala ushahidi, na waliopanga foleni walikuwa wamepita mikononi mwa shule zetu. Shule iliyojitenga na mitishamba haikuwalinda wahitimu wake; iliwaacha wachague kati ya kudharau na kuamini tu.

Kuna jambo jingine linalonikera kama mkazi wa jiji hili la utalii. Tangu miaka ya 1990 vijiji vya Meru kama Ng'iresi na Mulala vimekuwa vikiwapokea wageni katika utalii wa utamaduni. Mgeni hulipa ili aoneshwe mti wa dawa, shamba la migomba na mfereji. Kijana anayemwongoza amejifunza hayo kwa ajili ya soko, na hakuna aliyemuuliza shuleni. Tumeyapa maarifa yetu bei kwa mtalii na sifuri kwa mwanafunzi.

Nini kifanyike

Sipendekezi somo jipya. Ratiba ya shule ya msingi imejaa, na somo jipya lisilotahiniwa litakufa kama shamba la shule lilivyokufa. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, maarifa ya mahali yaingie ndani ya Sayansi, Hisabati na Jiografia na Mazingira. Zamu za mfereji ni somo la sehemu. Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na Kilimanjaro na kuyapeleka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ni somo la bonde la mto na la migogoro ya maji. Kuyafungia katika somo la maadili au la ngoma pekee ni kurudia Malangali.

Pili, kila kata iandae kitini chake. Walimu, wazee wanaume na wanawake, ofisa kilimo na mganga wa zahanati wakae pamoja, waandike yanayojulikana, yanayobishaniwa na yaliyothibitika kuwa na madhara. Taasisi ya Elimu Tanzania itoe mwongozo na kuhakiki. Mkoa wetu unayo mahali pa kujifunzia: asasi ya Aang Serian, iliyoanzishwa Arusha mwaka 1999, iliendesha mafunzo ya maarifa asilia katika shule ya jamii huko Eluwai, Monduli. Mwalimu aliyepangiwa Oldonyo Sambu kutoka Songea hawezi kuyajua ya Meru, na si haki kumtaka ayabuni.

Tatu, mzee anayefundisha atambuliwe na alipwe. Tunapomwalika mtaalamu kwenye semina ya wilaya tunampa posho. Mama anayejua mbegu za maharage za msimu wa ukame naye ni mtaalamu. Jina lake liandikwe kwenye kitini, kwa ridhaa yake, na ujuzi wake usichukuliwe na watu wa soko bila yeye kujua.

Nne, na hili ndilo la uzito zaidi, yaulizwe katika tathmini. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, inaelekea kwenye elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mlango mwembamba wa darasa la saba unaondoka, na pamoja nao kinaondoka kisingizio cha miaka yote. Kazi-mradi moja kwa mwaka, inayomtaka mtoto achunguze jambo moja la mahali pake na kulitetea kwa ushahidi, inaweza kuhesabiwa katika tathmini endelevu bila kumwongezea mzazi gharama.

Kwa wanafunzi wangu na kwa wanaharakati, ombi langu ni kwamba tuache kuyatetea maarifa asilia kwa nyimbo za sifa, maana sifa ndizo zilizoyaua mara tatu. Kwa watumishi wa umma walio katika ofisi za elimu za wilaya, ombi ni dogo na linaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri waraka: itisheni kikao kimoja cha walimu wa sayansi na wazee wa mfereji, na ajenda iwe moja tu, maji ya kunywa ya shule yenyewe. Yanatoka wapi, yana floraidi kiasi gani, na mtoto wa darasa la kwanza aliyejiandikisha Januari atakuwa na meno ya rangi gani atakapofika darasa la sita.